Mtego wa Panya wa Tripoli

Claude Guéant anasema alitegewa. Mwanzoni mwa Oktoba 2005 alikuwa Tripoli kwa kazi ya serikali ya Ufaransa, akiwa mkuu wa ofisi ya waziri wa mambo ya ndani, Nicolas Sarkozy. Dalali mmoja mzaliwa wa Lebanon, Ziad Takieddine, akampeleka mahali, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, akajikuta uso kwa uso na Abdallah Senussi. Brice Hortefeux naye anasema alitegewa. Huyu ni rafiki wa Sarkozy wa tangu ujanani, na wakati huo alikuwa waziri mdogo katika wizara hiyohiyo. Yake ilikuwa Desemba, mji uleule, dalali yuleyule, mwenyeji yuleyule.

Tuna methali yetu kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na mawakili wa mabwana hawa wangeipenda sana. Lakini ni mtego gani huo unaotegwa mahali pamoja mara mbili ndani ya miezi mitatu, ukanasa wakubwa wa wizara moja, na wa kwanza akatoka salama asimwonye wa pili? Guéant anasema hata bosi wake hakumwambia. Mkuu wa ofisi ya waziri wa polisi anakaa na mtu anayetafutwa na polisi wa Ufaransa, anapanda ndege kurudi Paris, anaingia kazini, na kinywa kimefungwa. Balozi wa Ufaransa hakuwapo. Dalali alikuwapo.

Na Senussi ni nani? Alikuwa bosi wa majasusi wa Libya na mwanyumba wa Muammar Gaddafi, wake zao wakiwa ndugu. Machi 1999 mahakama ya Paris ilimhukumu kifungo cha maisha, bila yeye kuwapo, pamoja na Walibya wengine watano, kwa kuilipua ndege ya shirika la UTA, safari namba 772, Septemba 19, 1989. Ndege hiyo ilitoka Brazzaville, ikatua N'Djamena, ikaruka kuelekea Paris, ikasambaratika juu ya jangwa la Ténéré nchini Niger. Walikufa watu 170, hakusalimika hata mmoja. Bomu lilikuwa ndani ya sanduku la nguo lililopakiwa Brazzaville. Ulaya wakiitaja huiita ndege ya Kifaransa, na kwa usajili ni kweli, ila kati ya maiti zilizotapakaa mchangani Wakongo na Wachadi walikuwa wengi. Ni ndege yetu pia. Ni msiba wetu pia.

Basi huyo Senussi ndiye aliyewafungulia mlango wasaidizi wa mtu aliyekuwa akiutafuta urais wa Ufaransa.

Septemba 25, 2025 mahakama ya Paris ilimtia Sarkozy hatiani kwa kula njama ya kutenda uhalifu, ikampa miaka mitano jela na faini ya euro 100,000. Ilisema kwamba kati ya 2005 na 2007, akiwa waziri na kiongozi wa chama, aliwaacha watu wake wa karibu waende kuitafuta fedha ya Libya kwa ajili ya kampeni ya 2007. Guéant alipata miaka sita, asipelekwe gerezani kwa sababu ya afya yake. Hortefeux alipata miwili, ya kutumikia nje akiwa na bangili ya kielektroniki. Sarkozy anakana kila kitu na siku hiyohiyo alitangaza kwamba anakata rufaa.

Watetezi wake wakakimbilia kwenye televisheni na kilio kimoja: hakuna senti iliyopatikana! Nami nitawapa haki yao yote. Ni kweli mahakama ilimwachia katika makosa ya rushwa, ya kuficha mali ya umma wa Libya na ya ufadhili haramu wa kampeni. Ni kweli iliona kwamba fedha zilitoka Libya lakini haikuthibitika kwamba zilifika kwenye kampeni. Ni kweli ilisema ile barua iliyochapishwa na tovuti ya habari ya Mediapart mwaka 2012, yenye ahadi ya euro milioni 50, yaelekea ni ya kughushi. Na Takieddine alikuwa kigeugeu kupita kiasi: mwaka 2016 alisema alibeba kwa mkono wake masanduku yenye euro milioni 5 kutoka Tripoli, mwaka 2020 akaruka kimanga, halafu akauruka na huo ukanusho. Akafariki Lebanon siku mbili kabla ya hukumu kusomwa.

Yote hayo nayakubali, na hayabadilishi kitu. Vijana watatu wakikutwa usiku nyuma ya duka Kariakoo wakiwa na mtarimbo na gunia, hakuna askari atakayewaambia nendeni zenu kwa kuwa gunia halina kitu. Kesi hii haikuhitaji gunia lijae. Ilihitaji watu, safari, dalali na nia, na vyote vilikuwapo. Wanaopiga kelele kuhusu senti wangependa tusiiangalie meza iliyokaliwa, kwa sababu wakati huo Senussi, mwenye meza hiyo, alikuwa anataka kitu kimoja kutoka Ufaransa: hukumu yake ya maisha itafutiwe njia. Upande wa mashtaka ulidai kwamba hilo lilikuwa sehemu ya biashara. Kwamba lingeweza hata kuzungumzwa, na watumishi wa wizara ya polisi, inatosha kabisa kuwatia jamaa za marehemu kichefuchefu. Baadhi yao walisimama mahakamani Januari 2025 wakaeleza hivyo, Sarkozy akiwasikiliza.

Turudi kidogo kwa Guéant, maana kuna jambo lake ambalo nikilifikiria nashindwa kujizuia kucheka, ingawa si la kuchekesha. Machi 2007, kampeni ikiwa imepamba moto, alikodi katika benki moja ya Paris sehemu ya kuhifadhia vitu vya thamani. Si kijisanduku cha pete na hati za nyumba. Ni chumba ambacho mtu mzima anaweza kusimama ndani. Akakiachia Julai, uchaguzi ukiwa umepita. Alipoulizwa aliweka nini humo, alijibu: hotuba za Sarkozy. Hotuba! Maneno yaliyotungwa ili yapigiwe kelele kwenye viwanja na kurushwa hewani nchi nzima, ndiyo yaliyofungiwa nyuma ya chuma cha benki yasije yakaibwa. Na mwaka uliofuata euro laki tano zikaingia kwenye akaunti yake, akasema ni bei ya michoro miwili ya kale ya Kiflemi aliyomuuzia wakili wa Malaysia.

Sarkozy aliapishwa kuwa rais Mei 2007. Julai 24 wauguzi watano wa Bulgaria na daktari Mpalestina waliokuwa wamefungwa Libya waliachiwa, mke wa Sarkozy wa wakati huo, Cécilia, akiwapo kwenye ndege. Julai 25 Sarkozy mwenyewe akatua Tripoli kwa Gaddafi, mikataba ikatiwa saini. Julai 26 akawa Dakar, katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, akiwaambia wasomi wa Afrika kwamba Mwafrika hajaingia vya kutosha katika historia. Zipangeni tarehe hizo tatu mfululizo. Leo kwa Gaddafi, kesho kutufundisha ustaarabu. Desemba Gaddafi akalipiza ziara kwa kupiga hema lake katika bustani ya jumba la wageni wa serikali, Paris. Ni Rama Yade, mzaliwa wa Dakar na waziri mdogo wa haki za binadamu, aliyekuwa na ujasiri wa kusema kwamba nchi yao si zulia la mtu kuja kufutia miguu yenye damu. Aliitwa Ikulu akakaripiwa.

Sisi Watanzania hatukuhitaji hema hilo ili tumjue Gaddafi. Mwaka 1979 aliwaleta askari wake kumtetea Idi Amin, tukakutana nao Lukaya, Uganda, na bomu la ndege yake lililokusudiwa Mwanza likaua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Wapo miongoni mwetu waliomsamehe baadaye kwa ajili ya misikiti na hoteli. Hilo ni shauri lao. Ila fedha aliyokuwa akiigawa haikuwa ya baba yake. Ilikuwa mafuta ya Walibya, na katika kelele zote za Paris kuhusu majaji na uhuru wao sijasikia mtu akiuliza Mlibya wa kawaida anadai nini.

Mwaka 2011 Sarkozy akawa mstari wa mbele kumpiga mabomu mgeni wake. Siku chache kabla ya mashambulizi kuanza Machi 19, Saif al-Islam, mtoto wa Gaddafi, alitangaza kwamba Sarkozy arudishe fedha za kampeni. Sarkozy husema yote hayo ni kisasi cha ukoo ule. Inawezekana kabisa ni kisasi. Hasidi naye huweza kusema kweli, tena akiwa amekasirika ndiyo humtoka. Gaddafi aliuawa Oktoba 20 mwaka huo. Sarkozy aliingia gereza la La Santé Oktoba 21, 2025.

Alikaa siku 20. Aliingia na riwaya ya Count wa Monte Cristo, ili tuelewe kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Polisi wawili wa kumlinda walipewa chumba jirani. Rais Macron alikuwa amempokea Ikulu siku chache kabla. Waziri wa sheria, Gérald Darmanin, akamtembelea gerezani. Jaji aliyeongoza jopo alitishiwa kuuawa. Kabla mwaka haujaisha kitabu cha mfungwa kikawa madukani! Kuna watu wamekaa La Santé miezi wakisubiri tu kesi kusikilizwa, na waziri hajui hata majina yao.

Wala asituambie mtu kwamba huyu ni mzee msafi aliyeandamwa. Desemba 2024 hukumu yake ya kumrubuni jaji ikawa ya mwisho, baadaye akavaa bangili mguuni. Na kampeni yake ya 2012 ilikula karibu euro milioni 43 wakati ukomo ulikuwa milioni 22.5. Ankara za mikutano ya hadhara zilibadilishwa zikaandikwa kama semina za chama. Kabla hayo hayajafichuka, Baraza la Katiba lilikuwa tayari limezikataa hesabu zake kwa kuzidisha kiasi kidogo, chama kikakosa marejesho ya serikali, na mwaka 2013 wanachama wakachangishana karibu euro milioni 11 kuliziba pengo. Watu walitoa fedha zao kumsaidia kiongozi aliyeonewa kwa vijisenti. Hawakuwa wameambiwa habari ya zile milioni 20 nyingine.

Huku kwetu wapo wanaoshangilia: kumbe na Wazungu ni wezi! Ndugu zangu, tunashangilia nini? Kule wizi umefika mbele ya jaji. Sisi mwaka 2000 tulibadili sheria takrima ya wagombea ikapata ruhusa, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Tangu 2010 tunayo Sheria ya Gharama za Uchaguzi, yenye kumtaka mgombea aeleze fedha zake zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Wenzetu wa Kenya waliitunga ya kwao mwaka 2013, Bunge likaisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 likavikataa viwango vya matumizi vya tume yao ya uchaguzi, IEBC, wakaenda kwenye kura ya 2022 bila ukomo wowote. Wabunge walipiga kura ya kujifungulia geti wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujamcheka Mfaransa, msubiri mgombea wako ashuke kwenye helikopta ya kukodi, na kabla hajafika jukwaani umuulize jina la aliyeilipia na alichoahidiwa.