Patasi Isitolewe Bila Kinoo

Majuzi nilikuwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, nikaingia katika banda la seremala mmoja mzee aliyetoka Kivu. Patasi zake zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa kama askari wa gwaride. Lakini kinoo alichozinolea kilikuwa na bonde katikati, na uso wake uling'aa kama kigae. Nilipokigusa, kidole kilinata. Kumbe kwa miaka mingi mzee alikuwa akikitia mafuta ya kupikia, maana ndiyo aliyokuwa nayo.

Chuma kinaponolewa hutoa vumbi. Vumbi hilo lisipopata mafuta ya kulielea huingia katika vitundu vya jiwe na kuviziba, ndipo chuma huteleza tu bila kupata makali. Mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, hulishika vumbi hilo hata likafutwa kwa kitambaa. Ya kupikia hugeuka gundi. Machafu ya injini, ambayo magereji ya Mbarara huyamwaga bure, ni mazito na yamekwisha kubeba taka yake.

Hata hivyo kinoo kilichoziba hakitupwi. Na kisuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa mpaka rangi yake irudi. Bonde nalo huondolewa kwa kukisugua juu ya sakafu tambarare ya saruji, kwa mchanga na maji. Ni kazi ya kuchosha, nakiri, lakini jiwe lenye bonde hukipa kisu cha randa ukingo wa upinde, na ubao hautanyooka. Jiwe la kunolea kwa maji ni jambo jingine: hilo lisionje mafuta kamwe, kwani likishayanywa halipokei maji tena.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali. Tangu posho ya chakula ilipoanza kupunguzwa nchini, mlango au kitanda anachouza seremala ndicho kinachonunua unga. Vijana nao hufundishwa ufundi, wengine wakakabidhiwa sanduku la vyombo mbele ya wapiga picha. Sisi tunaoandaa sherehe za namna hiyo, nami nimo kazini humo, hatuulizi vyombo vitanolewa kwa nini. Katika mafunzo ya kadeti tulikaguliwa bunduki pamoja na kitambaa na kopo lake la mafuta. Basi kila sanduku la useremala na liwe na kinoo, chupa ya mafuta mepesi, na siku moja ya mafunzo ya kuvitunza.

Yule mzee nilimnunulia mafuta ya cherehani mjini Mbarara. Kinoo tulikilaza katika bakuli la mafuta ya taa, na kabla ya magharibi mafuta yale yalikuwa meusi kama wino. Bonde bado lipo.