Kabla ya Kusema "Kanunuliwa"



Ndugu zetu katika imani, kila kijana wa Kiislamu anapobatizwa, sisi wazazi tuna jibu moja: "Kanunuliwa." Ama kwa ada ya shule, ama kwa gunia la unga, ama kwa mchumba. Jibu hili linatupumzisha, kwani halituulizi sisi chochote. Twende nalo mpaka Puta, ufukoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini ya Nchelenge huko Zambia, tukalipime.

Ukiuliza dini pale leo utaonyeshwa makanisa. Zambia yenyewe ilitangazwa taifa la Kikristo mwaka 1991, na tangazo hilo likaingia kwenye katiba mwaka 1996. Lakini nani alitangulia kufika ziwani? Livingstone alipoliona Mweru, Novemba 1867, alikuwa amefika pande zile kwa kufuatana na misafara ya Waarabu na Waswahili. Kwa Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Salih, aliyekwisha kuishi huko miaka mingi. Kisiwa kimoja ziwani kinaitwa Kilwa hadi leo! Njia tulikuwa nazo, lugha tulikuwa nayo, na machifu walitustahi (au walituogopa). Chuo cha Qur'ani kilikuwa wapi? Tulifuata pembe na shaba, na tukachukua watu.

Kisha, baada ya Msiri kuuawa Desemba 1891, mmisionari wa Kiskoti, Dan Crawford, alitoka Bunkeya akaweka makao Luanza, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hilo. Waliomkimbilia ni pamoja na watu waliokuwa watumwa. Wakamwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu. Hebu fikirini: mtu aliyeuzwa kama mzigo anaambiwa yuko Mungu anayempokea bure, kabla hajatoa chochote. Huyo wa kumhonga ni wa nini?

Hatusemi mafundisho yao ni sahihi. Kosa la Adam (A.S.) halirithiwi, alitubu, akasamehewa. Wala hatukubali kuwa damu ya mwingine inalipa madhambi yetu. Lakini tunapowaambia watoto kwamba neema ya Wakristo ni ruhusa ya kutenda dhambi, tunasema uongo. Mkristo anayeijua dini yake atakwambia neema humgeuza mtu akaacha wizi na ulevi. Mtoto akija kugundua hivyo, hatatuamini na mengine.

Na kubaya zaidi, tunaufundisha Uislamu kama daftari la madeni. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hata yeye haingii Peponi kwa amali yake, isipokuwa Allah (S.W.) amfunike kwa rehema Yake. Mwanao wa darasa la saba analijua hilo? Au madrasa anakijua kiboko tu?

Yule binti anayenyemelea kwaya ya jirani, msianze kwa kumfungia ndani. Mwulizeni amesikia nini kule ambacho hajakisikia nyumbani. Kisha nyamazeni, mpaka amalize.