Ruhusa ya Mlango na Jicho la Kamera

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, hivi karibuni baada ya darsa ya Magharibi alinijia kijana mmoja wa msikiti wetu ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi. Alinionyesha katika simu yake picha za wachongaji wa mchanga wa ufukwe wa Puri, nchini India, akasema kwamba naye anakusudia kufanya kazi ya namna hiyo katika pwani yetu. Atawapiga picha vijana wanaochonga mchanga ufukweni, kisha ataingia mitaani kuzipiga picha familia zikiwa nyumbani: mama jikoni, watoto mkekani, babu na tasbihi yake. Akauliza: "Ustadhi, kazi hii ni halali au haramu?"

Waliokuwa wametuzunguka walingoja jibu la neno moja. Lakini swali la kijana huyu lina maswali matatu ndani yake: la mchongaji, la picha, na la nyumba. Mawili ya mwanzo tumeyajadili misikitini kwa miaka mingi, wakati mwingine hadi kugombana. La tatu tumelipuuza, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Mchanga na mwenye kuuchonga

Tuanze na mchongaji. Puri ni mji wa jimbo la Odisha, kwenye Ghuba ya Bengal, na ufukwe wake umepata umaarufu duniani kwa sanaa hii. Mchongaji wake ajulikanaye zaidi, Sudarsan Pattnaik, alitunukiwa na serikali ya India nishani ya Padma Shri mwaka 2014. Kazi yenyewe inahitaji subira. Mchanga mkavu haushikamani, na uliojaa maji hubomoka. Kinachoziunganisha chembe zake ni unyevu mdogo tu ulio baina yao. Basi mchongaji huulowesha, huushindilia, kisha huanza kuchonga kutoka juu kwenda chini, ili mchanga unaoanguka usiharibu alichokwisha kukimaliza. Jua likiukausha huunyunyizia maji. Mwisho huja bahari, au upepo, na kazi ya kutwa nzima hurudi kuwa ufukwe.

Ikiwa anachonga jahazi, nyumba au mti, hapana tatizo. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza sura alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye baada ya kumwonya alimwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Ama sanamu ya kiumbe mwenye roho, jamhuri ya wanavyuoni wameikataza. Hata hivyo, wanavyuoni wa Kimaliki walijadili sanamu ya kitu kisichodumu, wakapiga mfano wa ile inayochongwa kwa ganda la tikiti, ambalo baada ya muda hunyauka. Asbagh, miongoni mwa maimamu wao wa Misri, aliiruhusu, na wengine hawakukubaliana naye. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, hayakuutazama udumuji wa kitu. Mchanga unafanana na ganda lile la tikiti. Kwa hiyo nilimnasihi kijana wetu awahimize wenzake wabaki kwenye majahazi na miti, watoke katika khilafu.

Lakini ipo haki nyingine ya mchongaji ambayo hatuitaji kabisa. Mtu huyu ameinama juani tangu asubuhi, na tumaini lake ni sarafu za wapitao. Anakuja mwenye kamera, anapiga, anakwenda zake, na picha anaiuza. Maji yakijaa, sanamu haipo tena. Kinachobaki duniani ni picha, na picha ni mali ya mwingine! Mtume (s.a.w.) ametuusia kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Basi anayenufaika na jasho la mchongaji amwombe ruhusa, amwambie picha itakwenda wapi, na ampe haki yake. Na kwa kuwa mchongaji yuko hadharani kwa hiari yake, na kuonekana ni sehemu ya kazi yake, jambo hilo likitimia hapana lawama.

Khilafu ya picha

Ama picha ya kamera, sina nia ya kuufufua mjadala wake. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliandika risala akieleza kwamba kamera haiumbi sura bali inakizuia kivuli alichokiumba Allah (s.w.). Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza picha ya mwenye roho isipokuwa kwa dharura. Wote wawili ni wanavyuoni na wote wana dalili zao. Leo, hata miongoni mwa wanaoshika kauli ya pili, ni nadra kumkuta asiye na kitambulisho chenye picha, na mawaidha yenyewe tunayapokea kwa video.

Inafaa pia tukumbuke kwamba elimu iliyozaa chombo hiki si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, alichunguza namna mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Neno "kamera" lenyewe, katika Kilatini, maana yake ni chumba. Huo ndio ugeni wa jambo letu: chumba kidogo kinachobebwa mkononi, kinachochukua yaliyomo katika vyumba vya watu.

Mlango

Sasa tufike nyumbani. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukataza kuingia katika nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Na aya inayofuata inatufundisha kwamba tukiambiwa turudi, turudi, na hilo ni safi zaidi kwetu. Kwa hadithi aliyoisimulia Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), ruhusa huombwa mara tatu, asipojibiwa mtu, aondoke. Wazee wetu waliifanya sheria hii kuwa ada: hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha mtu huenda zake bila kinyongo.

Na sababu ya sheria hii ni ipi? Je, ni miguu? Katika hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kitana akijikunia kichwa. Alipomtambua, alimwambia kwamba lau angejua anachungulia angemchoma nacho jichoni, na akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Mtu yule hakuvuka kizingiti. Mwili wake wote ulikuwa nje. Kilichoingia ni jicho tu, na jicho peke yake lilitosha kuwa kosa.

Tazameni pia majumba ya mawe ya Lamu. Mgeni hukaribishwa barazani. Baada ya baraza kuna daka, na baada ya daka kuna kiwanda cha ndani, na njia ya kuingilia imepindwa makusudi ili apitaye barabarani, hata mlango ukiwa wazi, asione waliomo. Waashi wale waliijenga Suratun-Nur kwa mawe na chokaa! Leo ukuta ule wote huvukwa na kijana mwenye simu, aliyekaribishwa kunywa chai, akapiga picha ya sinia la pilau na nyuma yake akaonekana dada wa mwenyeji akiwa kichwa wazi. Kabla chai haijapoa, picha imekwisha kufika katika simu za watu mia mbili. Kila mmoja wao ameingia nyumba ile bila hodi.

Madhara haya si ya kudhania tu. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi wa Afghanistan karibu na Peshawar, Pakistan, mpiga picha Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha binti wa Kiafghani wa umri wa miaka 12 hivi. Mwezi Juni mwaka 1985 sura yake ilitoka katika jalada la jarida la National Geographic, na ikawa miongoni mwa picha mashuhuri kuliko zote duniani. Kwa miaka 17 ulimwengu uliyajua macho yake bila kulijua jina lake, mpaka alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002. Anaitwa Sharbat Gula. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kosa la kitambulisho, akafungwa, kisha akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021 ilibidi aihame tena nchi yake, akapokewa na Italia. Mwenyewe alieleza kwamba utotoni hakupenda kupigwa picha, na kwamba picha ile ilimletea matatizo kuliko manufaa. Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyewahi kuisifu picha ile akajiuliza kama binti yule aliridhia?

Sisi wenyewe

Ni rahisi kumlaumu mpiga picha wa mbali. Lakini jicho lililoingia zaidi katika nyumba za mafakiri wa mitaa yetu si la mtalii. Ni letu. Kila Ramadhani kamati huenda nyumba kwa nyumba na unga, tende na mafuta, na mbele ya mfuko hutangulia simu. Mjane husimamishwa mlangoni mwake, wanawe hupangwa mstari, na mfuko haukabidhiwi mpaka picha itoke vizuri.

Sisemi haya nikiwa nje ya kosa. Mwaka mmoja niliandamana na kamati kama hiyo, nami ndiye niliyeshika simu. Katika nyumba ya tatu alikuwamo mwanafunzi wangu wa madrasa, mtoto hodari wa kuhifadhi. Nilimwambia ainue uso. Akauinua kwa kuwa mimi ni mwalimu wake. Jumatatu hakuja darsani, wala Jumanne. Nilipouliza, wenzake wakacheka na kumtaja kwa jina jipya walilompa: "mtoto wa futari". Picha ilikuwa imefika mtaani kabla yangu. Alirudi baada ya wiki, akakaa safu ya nyuma, na mpaka leo nikimwita jina huanza kwa kutazama chini. Nimemwomba radhi yeye na mama yake. Lakini picha sikuweza kuirudisha.

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratul-Baqara, aya ya 264, ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Na katika aya ya 271 amebainisha kwamba, ijapokuwa kuidhihirisha sadaka ni kuzuri, kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Inayodhihirishwa hapo ni sadaka. Uso wa fakiri haukutajwa!

Watasema: "Lakini tuliwaomba ruhusa, wakakubali." Wanavyuoni wa fiqhi wamefundisha kwamba kinachochukuliwa kwa upanga wa haya hukumu yake ni haramu, kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Mwenye njaa uliyemshikia mfuko wa unga hana uwezo wa kukuambia hapana. Ukubali wake ni wa tumbo, si wa nafsi. Watasema tena: "Wafadhili wanataka ushahidi." Hilo ni haki yao, kwa kuwa mali ni amana. Lakini ushahidi una njia nyingi: stakabadhi, orodha yenye sahihi, mashahidi wawili waadilifu, picha ya mifuko ghalani. Mfadhili asiyetosheka mpaka auone uso wa yatima, huyo na ajiulize anatafuta radhi za nani.

Nini kifanyike

Napendekeza kwa kamati za misikiti yetu na kwa vijana wenye kamera mambo manne:

Kwanza, ruhusa ya kupiga picha iombwe kabla kamera haijatolewa, na iombwe mbali na mfuko wa msaada. Msaada utangulie na usifungamane na jibu.

Pili, ruhusa ya kuingia isihesabiwe kuwa ruhusa ya kupiga, na ruhusa ya kupiga isihesabiwe kuwa ruhusa ya kusambaza. Hizo ni hodi tatu, na kila moja ina jibu lake.

Tatu, watoto wasipigwe picha za shida. Mzazi ni mlinzi wa mtoto, na mtoto huyo kesho atakuwa mtu mzima mwenye heshima yake. Hata sheria za nchi zimelitambua jambo hili: Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni aibu wenye Suratun-Nur kuzinduliwa na bunge.

Nne, mwenye kuombwa aifute picha, aifute bila ubishi, kama mgeni anayerudi akiambiwa rudi.

Ama kijana wetu, nilimjibu hivi: Nenda ufukweni, mwombe mchongaji, mlipe, na uipige kazi ya mikono yake. Ukifika mlangoni, iweke kamera mfukoni, piga hodi, kaa barazani, uwajue watu na wao wakujue. Wakikuruhusu kwa nafsi zao, piga kile wanachopenda kionekane. Wakikataa, kunywa chai yao, washukuru, na urudi bila picha. Hutakuwa umepoteza kitu, nao watakuwa wamebaki na sitara yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) azisitiri aibu zetu duniani na akhera, na atuwezeshe kuzisitiri za wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.