Kabla ya taji, mkataba: barua ya wazi kwa BASATA

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA),
Dar es Salaam.

YAH: MKATABA WA BINTI ANAYEKWENDA MISS WORLD

Ndugu Katibu Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia nikiwa mpenzi wa mashindano ya urembo, mtu anayekesha mbele ya runinga kila Miss World inapofika fainali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ukumbini, mkoani, binti wa jirani yangu akiwania taji. Akashinda. Akakabidhiwa ile hundi ya mfano, kadibodi pana kuliko mlango wa kwao. Picha zikapigwa, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Fedha zenyewe hazikuja. Kila akipiga simu anaambiwa wadhamini hawajalipa. Masika yalipoingia, mama mtu aliitoa ile hundi sebuleni akaenda kuzibia banda la kuku. Binti hakuwa na karatasi ya kudaia, maana alichotia saini kiliandikwa kwa Kiingereza na nakala pekee ilibaki kwa mwandaaji.

Mwandaaji simtaji. Shida yangu ni ile karatasi.

Nchi hii imebishania urembo kwa zaidi ya nusu karne, na mara nyingi tumebishania nguo. Theresa Shayo alivikwa taji la Miss Tanzania mwaka 1967. Mwaka uliofuata mashindano yakapigwa marufuku, mwaka ule ule Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Yaliporudi mwaka 1994, maneno yakaanzia pale pale yalipoachwa: vazi la ufukweni. Sasa hata hoja hiyo imepoa. Miss World, ambayo Eric Morley aliianzisha London mwaka 1951 kama shindano la mavazi ya kuogelea, ilitangaza mwishoni mwa 2014 kuwa inaliondoa vazi hilo jukwaani.

Mwishoni mwa 2014 hiyo hiyo, baraza lako liliisimamisha Miss Tanzania baada ya mzozo wa umri wa mshindi. Kwa hiyo meno mnayo. Naomba yang'ate penye mfupa.

Sisemi jukwaa hili halina faida. Nancy Sumari alikwenda Sanya, China, mwaka 2005 akarudi na taji la Miss World Africa, na baadaye akawaandikia watoto kitabu, Nyota Yako. Jokate Mwegelo, aliyeshindana mwaka 2006, aliteuliwa mwaka 2018 kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, na kampeni yake ya Tokomeza Zero ikawagusa wazazi ambao hawajawahi kutazama shindano la urembo. Ila hawa ndio tunaowajua majina. Wengi hupanda jukwaani usiku mmoja, wakashuka na sashi na deni la gauni.

Tumezoea kumwita mrembo, tukasahau kwamba ni mfanyakazi. Anaingia kambini, anaamshwa alfajiri kwa mazoezi, anapiga picha za matangazo, anatabasamu mbele ya bidhaa za mdhamini, na akishinda mwaka wake mzima unakuwa mali ya taji. Mchezaji wa Ligi Kuu hashuki uwanjani kabla mkataba wake haujasajiliwa TFF. Huyu binti anayebeba jina la nchi, mkataba wake umesajiliwa wapi?

Swali hili lilinikaa rohoni Mei 2025, warembo zaidi ya 100 walipokusanyika Hyderabad, India. Milla Magee, Miss England, aliondoka kabla ya fainali. Baadaye aliliambia gazeti la kwao kwamba walikalishwa na matajiri waliochangia shindano ili wawachangamshe. Waandaaji walikanusha, wakasema aliondoka kwa sababu za kifamilia. Serikali ya jimbo la Telangana ikaagiza uchunguzi. Nani alisema kweli, mimi sikuwepo. Nilichokiona ni kwamba alipotaka kuondoka, aliondoka. Je, binti wa Mbeya au Mtwara akitaka kuondoka, tiketi ya kurudi anayo nani? Simu ya usiku anampigia nani? Na akirudi, ataambiwa amelinda heshima yake au amelitia taifa aibu?

Ndugu Katibu Mtendaji, naomba mambo matatu yawe masharti ya kibali.

Kwanza, mkataba uandikwe kwa Kiswahili, binti apewe nyumbani akausome na mzazi au mwanasheria kabla ya kuingia kambini, na nakala moja ikae ofisini kwako.

Pili, zawadi ionekane kabla ya tangazo. Kama ni fedha, ziwe benki siku kibali kinapotolewa. Kama ni gari, mshindi akabidhiwe ufunguo pamoja na kadi ya gari yenye jina lake. Hundi ya mfano ibaki kuwa pambo la picha.

Tatu, anayekwenda Miss World asafiri na tiketi ya kurudi iliyo mikononi mwake, bima, na namba ya ofisa wa ubalozi wetu aliyearifiwa kuwa yupo. Mkataba utamke wazi kwamba anaweza kukataa mwaliko wowote wa mdhamini bila kuadhibiwa.

Najua mwandaaji atasema masharti haya yatawakimbiza wadhamini. Mdhamini anayekimbia kwa sababu ameambiwa aweke fedha alizoahidi, mbio zake ni faida kwetu. Afadhali taifa likose mshindi mwaka mmoja kuliko kupata mshindi wa kadibodi.

Kibali cha msimu ujao kitapita mezani kwako. Kabla hujatia saini yako, omba uonyeshwe ya binti, kisha uulize kama alielewa alichosaini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Jirani wa mshindi.