Eti Ni Adabu Tu

Kuna imani moja ambayo haimo katika katekisimu ya kanisa lolote, lakini kati ya Ruiru na Thika inashikiliwa kuliko hata Kanuni ya Imani. Imani hiyo ni kwamba mkubwa akiingia kanisani, sharti atambuliwe. Apishwe kiti cha mbele, atajwe kwa cheo, apewe kipaza sauti awasalimie Wakristo, na bahasha yake ipokewe kwa makofi ya kilo. Ukihoji, wazee wa kanisa hawatakukaripia. Watakujibu kwa upole, kama wanaomfunza mtoto: ni adabu tu, mgeni ni wa kukaribishwa.

Mimi nasema hiyo si adabu. Ni uasi, tena uasi unaofanywa mbele ya madhabahu, kwaya ikiimba.

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mahubiri yamefika katikati. Nje milango ya magari inabamizwa, vijana wawili wenye miwani myeusi wanatangulia kuchungulia. Mhudumu wa mlangoni anakwenda mbio hadi mstari wa kwanza, anamwinamia shosho aliyefika tangu saa mbili asubuhi, anamnong'oneza. Shosho anaokota mkoba, Biblia yake ya zipu na bakora, anahamia benchi la pembeni karibu na spika, mahali ambapo hatasikia neno lolote ila mngurumo. Mhubiri anakatiza mahubiri aseme kwamba kanisa limebarikiwa. Kubarikiwa kwenyewe ni kwa kuwa mbunge amefika. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na jicho langu huwa kwa shosho, si kwa mheshimiwa. Hanuni. Haonyeshi hata kushangaa. Yeye mwenyewe amekwisha kuamini kwamba mahali pake ni pembeni, na kwamba Mungu ndiye aliyepanga hivyo.

Soma sura ya 2 ya Waraka wa Yakobo, utadhani mwandishi alipitia Kihunguro Jumapili iliyopita. Anamtaja mwenye pete ya dhahabu anayeelekezwa mahali pazuri, na maskini anayeambiwa asimame kule. Wala hasemi kwamba hilo ni kosa la itifaki. Anawaita wanaofanya hivyo mahakimu wenye mawazo mabaya. Sijui tungehitaji maandishi makubwa kiasi gani ndipo tuyaone.

Najua jibu linalokuja mbio: Warumi 13, heshima kwa mamlaka. Haya, tuisome. Paulo anazungumzia kodi na ushuru, anasema anayestahili heshima aheshimiwe. Kodi huko inalipwa kwa mtoza kodi. Hakuna aya inayosema mtoza kodi apewe dakika kumi kati ya sadaka na mahubiri aeleze barabara aliyoweka lami. Mbunge ana bunge. MCA ana bunge la kaunti pale Kiambu. Gavana ana ofisi, ana redio, ana kila uwanja wa Thika. Shosho ana saa mbili tu kwa juma ambazo hakuna anayestahili kumwondoa kitini, na hizo ndizo tunazompokonya kwa jina la heshima.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya yanafanyika katika nchi hii ya Kiambu, ambako ndugu zetu walijua tofauti kati ya kumheshimu mkubwa na kumwabudu. Mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, malori na mabasi yalianza kubeba watu kuelekea Gatundu, nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta. Waliokwenda walisema wanakwenda kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa kiapo, kwamba utawala usitoke katika nyumba ya Mũmbi, yaani kwa Wakikuyu. Kwa watu wa hapa haikuwa safari ndefu. Leo ukitoka Ruiru ukielekea Juja, utaiona njia panda ya Kenyatta Road, ndiyo hiyo inayopanda Gatundu.

Fikiria uzito wa mwaliko huo. Aliyekuita si adui. Ni jirani yako, mzee wa ukoo wako, mtu mliyezikiana wazazi. Anakualika kwa mzee wa taifa, na nani hukataa chai ya mwenyeji? Kukataa kulikuwa kukosa adabu kupita kiasi, na kusaliti kabila juu yake. Walikuwako Wakristo waliokataa. Walisema wamekwisha kufunga agano moja, la damu ya Kristo, na hawawezi kuongeza jingine. Walipigwa, na si wote waliopona. Kanisa la Presbyterian, PCEA, ambalo lilikuwa limejaa watu wa kabila lile lile lililokuwa likiapishwa, lilisimama hadharani likapinga. Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa Mchungaji John Gatu. Angeweza kunyamaza, akasema ni mila, ni siasa, ni mambo ya wazee. Sababu za kunyamaza zilikuwa tele, na nyingine zilikuwa na rungu mkononi.

Mwaka 1971, Gatu huyo huyo alisimama Marekani akawaambia wafadhili kwamba umefika wakati wa kusitisha wamishonari na fedha zao, angalau kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wengi walidhani amerukwa na akili. Nani hukataa dola? Kanisa lake likashika neno Jitegemea, na mpaka leo utalikuta kwenye nembo na majengo yake. Sasa basi, kanisa lililozaliwa na wazee wa namna hiyo, pamoja na majirani zake wa kila dhehebu, leo linaruka likisikia mwakilishi wa wadi ana elfu hamsini za mabati. Tulikataa kiapo, tukakataa dola, tukashindwa na bahasha.

Nisieleweke vibaya. Si kila anayesimama na kusema Mungu ameniambia ndiye aliyesikia. Mwaka 1929 wamishonari wa vituo vya Kambui, Thogoto na Kijabe waliwataka Wakristo waukane ukeketaji, na wengi wakaondoka kwa hasira. Katika vuguvugu hilo yakakua makanisa huru kama AIPCA. Juu ya ukeketaji wenyewe mimi siwatetei walioondoka. Wazazi waliokataa kuwapeleka binti zao kwa kisu, wakaimbiwa wimbo wa Mũthĩrĩgũ wa kuwadhalilisha, ndio waliokuwa na haki, na sheria ya Kenya ya 2011 iko upande wao. Lakini wamishonari nao walikuwa na desturi zao za Scotland na Marekani walizozivisha joho la Mungu, na walioondoka walizinusa. Kwa hiyo kumtii Mungu si kumtii mchungaji. Mara nyingi mchungaji ndiye anayeisukuma desturi, kwa sababu ndiye anayejengewa nyumba.

Na hapa ndipo penye mzizi. Ruiru ya zamani ilikuwa mashamba ya kahawa. Mashamba yakakatwa vipande, ploti zikauzwa, nyumba za kupanga zikaota, watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kukamilika mwaka 2012. Kila kundi la waumini linataka ploti yake, na ploti za Ruiru si za bei ya mahindi. Ibada inaanza kwenye hema, inahamia kwenye mabati, kisha msingi wa mawe unachimbwa kwa ajili ya kanisa la watu elfu mbili ilhali waumini ni mia tatu. Kwa nini elfu mbili? Kwa sababu kanisa la jirani ni la elfu moja na nusu. Ujenzi wa namna hiyo hauishi, na usioisha hauwezi kulipwa na mama mboga wa Githurai. Anatafutwa mgeni mkuu. Ukishamwita mgeni mkuu huwezi kumketisha nyuma, wala huwezi kuhubiri juu ya wizi wa mali ya umma akiwa mbele yako.

Kanisa la Anglikana lilijaribu kuufunga mlango huu. Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti, akasema mimbari ni ya wahubiri. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe shilingi milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, Embakasi. Machi 2025, mwendo mfupi kutoka Ruiru, Rais huyo huyo aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana, polisi wakarusha vitoa machozi karibu na nyumba ya ibada. Walioitwa wakosa adabu ni vijana. Sikumsikia mzee hata mmoja akiuliza kama milioni 20 zenyewe zilikuwa na adabu.

Yule asiye na bahasha naye hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Siku ya mavuno majina yanasomwa. Elfu kumi, makofi. Elfu tano, makofi. Anatajwa mama anayeuza sukumawiki Makongeni, shilingi mia mbili, na makofi yanakuwa kama mvua inayokatika. Mwaka unaofuata hatakuja siku hiyo. Atasema mtoto anaumwa. Kijana wa makanga kutoka Kiandutu hatakuja kabisa, kwa kuwa amesikia tangu utotoni kwamba kanisani mtu huenda akiwa amejipanga. Yesu alikataza sadaka ya tarumbeta. Sisi tumeipa tarumbeta mweka hazina na orodha yake, tukaiita uwazi.

Watakaonijibu watasema paa litavuja. Huenda likavuja. Waumini mia tatu wakijenga kanisa la mia tatu, kwa sadaka isiyotangazwa, watachukua miaka mingi, na mchungaji ataendelea kupanda matatu pamoja nasi. Sioni ubaya.

Jumamosi jioni, msaidizi wa mheshimiwa atampigia simu karani wa kanisa kumjulisha kwamba bosi anapitia kesho. Karani ana jibu fupi na la heshima kabisa: ibada ya kwanza ni saa moja na nusu, ya pili ni saa nne, na viti ni vya wanaowahi.