Mjamzito na leza ya saluni: uliza kwanza kuhusu krimu

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni Sinza nikisubiri zamu yangu, akaingia mama mwenye mimba ya miezi sita. Alikuwa amelipia awamu sita za kuondoa ndevu kwa leza, akafanya mbili, kisha akashika mimba. Sasa anataka kumalizia. "Hamna shida dada, ule ni mwanga tu, hauingii tumboni," mhudumu akamjibu, huku akimwonyesha kikopo cha krimu ya kufuta madoa ya mashavuni.

Kuhusu mwanga, mhudumu hakukosea. Leza ya kuondoa nywele huishia milimita chache ndani ya ngozi, haufikii mfuko wa uzazi. Na leza si sumu: kuna madaktari bingwa wanaoiingiza ndani ya mfuko wa uzazi wenyewe, kuziba mishipa ya damu pale mapacha wanaotumia kondo moja la nyuma wanapopokonyana damu. Lakini pale wanaokoa maisha ya watoto. Ndevu zinaweza kungoja. Leza ya urembo haijafanyiwa utafiti wa kutosha kwa wajawazito, ndiyo maana madaktari wengi wa ngozi husema subiri ujifungue.

Kuna jambo jingine ambalo saluni hawalisemi. Leza hufuata rangi nyeusi, na kwa ngozi zetu mashine isiyofaa au mkono usio na ujuzi huunguza ngozi badala ya mzizi wa nywele. Ukiwa mjamzito, homoni huifanya ngozi iweke weusi upesi, kwa hiyo palipoungua kidogo hubaki doa. Halafu vinyweleo vingi vinavyoota na mimba huondoka vyenyewe miezi michache baada ya kujifungua. Kwa nini uvilipie?

Kilichonitisha mimi ni kile kikopo. Hakikuwa na lebo. Madoa ya mashavuni na mstari mweusi tumboni ni mambo ya kawaida ya ujauzito, na kwa wengi hufifia mtoto akishazaliwa. Mkorogo wa kuyafuta mara nyingi una haidrokwinoni, ambayo zaidi ya theluthi moja ya unayopaka inaweza kuingia kwenye damu, au zebaki, ambayo huharibu figo za mama, hupita kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, ila nyote mnajua vinapouzwa. Krimu zenye tretinoini nazo mjamzito huambiwa aziache. Hata krimu ya ganzi inayopakwa kabla ya leza, ikipakwa eneo kubwa, dawa yake huingia mwilini.

Kama ulipigwa leza kabla hujajua una mimba, usikose usingizi. Mweleze tu nesi kliniki. Kama umekuwa ukipaka mkorogo, hiyo ni habari nyingine. Acha, na nenda na kikopo chenyewe kliniki, usione aibu. Mingine ina steroidi kali, na ngozi inaweza kuwaka ukiiacha ghafla, kwa hiyo ni vizuri daktari ajue. Kwa ndevu, wembe na uzi vinatosha kwa sasa. Kwa madoa, losheni ya kukinga jua yenye zinki, na mwavuli au kofia pana ukienda sokoni.

Nikajiingiza, kazi hii imenifanya kimbelembele. Nikamwomba yule mama aulize kikopo kina nini ndani. Mhudumu hakujua. Mama akakirudisha mezani, akauliza kama awamu zake nne zitamsubiri. Mwenye saluni akaguna kidogo, kisha akaandika kwenye kadi yake: baada ya kujifungua.