Mafuta ya Mwili na Saratani ya Utumbo Mpana: Tahadhari kwa Wananchi wa Masasi na Newala

Kila mwaka, msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, fedha za mauzo ya stakabadhi ghalani huanza kuingia Lulindi na katika vijiji vingine vya Masasi na Newala. Fedha hizo hujenga nyumba, hulipa ada na kununua pikipiki. Huja nazo pia soda, vyakula vya kukaangwa na safari za bodaboda mahali ambapo zamani watu walitembea. Anayenenepa huhesabiwa kuwa amepata neema. Sayansi ya saratani inatoa picha tofauti.

Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalidhaniwa kuwa ghala tu la akiba. Mtazamo huo ulibadilika mwaka 1994, wakati timu ya Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilipotambua jeni ya leptini, homoni inayotengenezwa na seli za mafuta ili kuuarifu ubongo kuwa akiba imetosha. Leo inafahamika kuwa mafuta hufanya kazi kama tezi: hutoa homoni zinazofika katika kila kiungo, utumbo mpana ukiwemo.

Kwa mtu mwenye kiribatumbo, uwiano wa homoni hizo huvurugika kwa namna tatu. Kwanza, leptini huzidi katika damu. Uchunguzi wa maabara umeonesha kuwa leptini huweza kuchochea seli za saratani ya utumbo mpana kugawanyika, kukwepa kifo chake cha kawaida na kupenya katika sehemu jirani, pamoja na kusaidia kuota kwa mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe. Pili, adiponektini, homoni inayosaidia kudhibiti ukuaji wa seli, hupungua. Tatu, mwili huwa sugu kwa insulini. Kongosho hulazimika kuzalisha insulini nyingi zaidi, nayo huwa ishara ya ziada ya kuzitaka seli zikue.

Homoni hizi si hukumu. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza na vinyama vidogo vinavyochukua miaka mingi kabla ya kugeuka, na si kila mnene huugua wala si kila mwembamba yuko salama. Hata hivyo, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja aina 13 za saratani zinazohusishwa na mafuta yaliyozidi mwilini, saratani ya utumbo mpana ikiwa mojawapo.

Ugonjwa huu haukuwa tishio kubwa katika Afrika Mashariki ya zamani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, alieleza mwaka 1971 kuwa uhaba wa saratani hiyo kwa Waafrika wa vijijini ulitokana na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Maelezo hayo yanakifaa chakula cha asili cha Kusini: mtama, mihogo, kunde, mbaazi na ming'oko. Mwaka 2015, watafiti walibadilishana vyakula vya Wamarekani weusi na vya wanakijiji wa Afrika Kusini. Katika wiki mbili tu, viashiria vya hatari ndani ya utumbo vilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa wanakijiji.

Tanzania imo katika mabadiliko hayo. Tafiti za kitaifa za afya zinaonesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo waliongezeka kutoka asilimia 18 mwaka 2004/05 hadi asilimia 28 mwaka 2015/16.

Mwaka 2019, Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Kipimo cha mafanikio yake kitaonekana katika zahanati za vijijini, kwani kutoka Masasi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500. Mgonjwa anayesafiri umbali huo akiwa amechelewa hukuta saratani imekwisha kusambaa kwenye ini, na matibabu huwa magumu na ya gharama kubwa.

Hatua ya kwanza haihitaji mashine. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima kiuno: kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, hatari ya kiafya huongezeka. Mwenye damu kwenye choo, mabadiliko ya haja kubwa yasiyokoma, au anayepungua uzito bila sababu afike kituo cha afya mapema, badala ya kujitibu bawasiri nyumbani. Fedha za korosho ni neema ya kweli iwapo mbaazi na kunde zitaendelea kubaki mezani, na iwapo afya ya mkulima itapimwa kwa uangalifu uleule unaotumika kupima magunia yake ghalani.